Nilivyotakiwa kumtaja msaliti Juba kwa sababu ya mchezo wa kizibo cha soda

Wakuu, heshima kwenu wote, mlioko nyumbani na mliotawanyika.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Ila juzi nimeona mdau kaleta uzi anaomba afundishwe mazingaombwe mepesi ya kuchangamsha wageni kwenye birthday ya mtoto wake. Watu wamechangia vizuri, wamecheka. Mimi nilisoma, ikabidi nizime simu nikakae nje kwanza.

Nitaeleza kwa nini. Yamenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Majina nimebadilisha, maana wengine bado wanaishi kule.

Twende taratibu.

Nilikwenda Juba baada ya wenzetu wa Sudan Kusini kupata uhuru wao. Wakati ule kila mtu alikuwa anaitaja Juba. Nchi mpya, kila kitu kinaanza, kazi zipo. Mimi ni msusi, kwetu Singida. Nikaungana na Harriet, dada wa Kiganda kutoka Masaka, tukafungua saloon ya mabati pale mtaa wa Buluk. Viti vya plastiki, dryer moja, na jenereta linalopiga kelele kuliko wateja.

Wateja wetu wengi walikuwa wake wa wanajeshi na akina dada waliokulia ukimbizini Uganda na Kenya. Kiswahili ndicho kilitukutanisha, ingawa si hiki chetu. Harriet anasema "mimi iko hapa", mteja anajibu kwa Kiarabu cha Juba, na nywele zinasukika.

Mimi hawakuwa wakiniita kwa jina. Waliniita "Tanzania" tu.

Sasa kuhusu huo mchezo.

Nilifundishwa na mwalimu wetu wa Sunday school nikiwa mdogo. Unamwita mtu mbele za watu, unampa kitu kidogo, mfano kizibo cha soda. Unageuka, unampa mgongo. Unamwambia akifiche kwenye ngumi moja, halafu ile ngumi yenye kizibo aiweke kwenye paji la uso, afumbe macho, aufikirie ule mkono kwa nguvu zote. Baada ya muda unamwambia ashushe, anyooshe ngumi zote mbili mbele. Unageuka, unaangalia kidogo, unataja mkono wenye kizibo.

Siri yake ni nyepesi mpaka inachekesha. Mkono uliokuwa juu damu inashuka. Mishipa ya nyuma ya kiganja inalala. Mkono uliobaki chini mishipa imesimama. Basi. Hakuna kingine.

Lakini usipomwambia mtu siri, ataapa umesoma akili yake.

Kulikuwa na mteja wetu mmoja tuliyempenda sana, nimwite Madam Rebeka. Mume wake alikuwa mwanajeshi mwenye cheo, nitamwita Meja. Madam Rebeka akatualika kwenye ubatizo wa kitinda mimba wake, nyumbani kwao New Site. Uwanja mkubwa, wamesimamisha rakuba, yaani kile kivuli cha miti na mikeka, wageni wamejaa chini yake. Tumekula, tumekunywa, mara jenereta likazima na muziki ukakata. Watu wakaanza kupiga miayo.

Harriet, ambaye mdomo wake hauna breki, akasema kwa sauti, "Huyu Tanzania iko na mchezo moja. Mwambieni afanye."

Nikainuka. Nilipenda, sitadanganya. Ugenini siku nzima unachezea vichwa vya watu, siku moja watu wanakuangalia wewe.

Akaja shangazi mmoja wa kanisani, nikampata. Wakapiga makofi. Akaja Simon, mdogo wake Meja, kijana wa chuo kikuu, mchangamfu, kila mtu anampenda. Nikampata. Akarudi tena, nikampata tena. Akashika kichwa anacheka, anawaambia wenzake, "Huyu mama ni hatari."

Halafu akainuka Meja.

Alikuwa amekaa pembeni na simu zake muda wote. Alipokuja katikati, watu wakanyamaza. Akachukua kizibo. Nikageuka, nikatoa maelekezo yangu, nikageuka tena. Mkono wa kushoto. Akafungua, kizibo kile pale.

Akasema, "Tena."

Nikampata tena.

Hakucheka. Alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani alikufundisha?"

"Mwalimu wangu wa Sunday school, Meja."

"Nyinyi watu wa Tanzania muko na dawa. Hiyo tunajua."

Mimi nikacheka. Wageni wakacheka. Yeye akarudi kwenye kiti chake, akawa ananitazama mpaka tunaondoka.

Ningeweza kutoa siri palepale. Lakini mazingaombwe ukishayafichua hayana ladha tena, na mimi nilikuwa sijaona kama kuna ubaya.

Siku zilizofuata saloon ilianza kupata wateja wa ajabu. Mmoja anataka nimwonyeshe pete yake ilipopotelea. Mwingine anataka kujua mume wake analala wapi akisema yuko kazini. Harriet alikuwa anafurahia, anasema biashara imechangamka. Mpaka siku moja mama mmoja alipoinama nikimsuka, akaniita kwa neno lao, kujur.

Nikamuuliza Harriet maana yake. Akasema, "Ni mganga. Ule mwenye kuona vitu imefichwa."

Hapo ndipo wasiwasi wa kwanza uliniingia. Nikaanza kuwaambia wateja ni mchezo tu, hakuna kitu. Wakawa wananikonyeza, kana kwamba nimewaambia niko tayari ila nifuatwe faragha.

Ikaja ile Disemba ya mapigano.

Wengi mnakumbuka habari zake, sitaki kuziingia kwa undani. Mimi nitasema nilichokiona. Milio ilianza usiku, tukadhani ni fataki za Krismasi. Kufika asubuhi nyumba nzima inatetemeka. Mimi na Harriet tulikuwa tunaishi chumba kimoja Atlabara. Tuliegemeza magodoro dirishani, tukalala sakafuni. Network hakuna. Maji ya kunywa yakawa ya kuramba. Nje unasikia watu wanaulizwa wanatoka wapi, kabila gani, halafu unasikia mlio, halafu kimya.

Nimewahi kuogopa maishani, lakini ile ilikuwa nyingine.

(Najua kuna mdau atauliza kwa nini hatukukimbilia ubalozini au kambi ya wakimbizi. Mkuu, kukimbia kunataka barabara. Barabara ndiyo ilikuwa inaua.)

Milio ilipopungua, mchana mmoja tukasikia gari linasimama mlangoni. Pickup ya jeshi. Mlango ukagongwa kwa kitako cha bunduki.

"Tanzania iko hapa?"

Harriet alinishika gauni. Akafungua mlango mwenyewe, akasimama katikati. "Munampeleka wapi? Huyu ni mtu ya kusuka nywele tu."

Askari akasema, "Meja anamtaka. Haraka."

Nilipanda nyuma ya pickup katikati ya askari wawili. Njiani nilifumba macho. Nilifumbua mara moja tu, nikaona viatu vya mtoto barabarani, nikafumba tena.

Tukafika New Site. Uwanja ni uleule, rakuba ni ileile. Ila chini yake walikuwa wamekaa wanaume watatu mavumbini, mikono imefungwa kwa kamba mbele.

Nikawatambua wote. Mpishi wa pale nyumbani, mzee wa makamo aliyetupakulia nyama siku ya ubatizo. Mlinzi wa geti. Na dereva wa Meja, ambaye wakuu sikuwahi kumpenda, maana kila akimleta Madam saloon alikuwa anasimama mlangoni na kutusemea maneno machafu.

Meja alikuwa kwenye kiti. Macho mekundu, ndevu hazijanyolewa. Akaniambia, "Simon wamemuua."

Nikasema, "Pole, Meja."

"Nilimficha kwa nyumba ya rafiki yangu, mwenyewe alisafiri. Huyu dereva ndiye alimpeleka. Huyu mpishi alibeba chakula. Huyu mlinzi alisikia nikisema jina ya hiyo nyumba. Wengine hakuna anajua. Mmoja wao alienda kusema." Akawanyooshea kidole. "Niangalilie. Uniambie ni nani."

Nilielewa kila kitu kwa mara moja. Nikinyoosha kidole, yule mtu hatauona ule mchana ukiisha.

Nikamwambia, "Meja, mimi sioni kitu. Ule ulikuwa mchezo."

"Mara mbili uliniona mimi. Simon pia."

"Ni mchezo wa watoto, Meja. Naapa kwa Mungu."

"Unawaficha?"

Alipouliza hivyo, askari mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo akasimama wima.

Sasa wakuu, hapa ndipo panaponiamsha hadi leo. Katika ule woga, bila kukusudia, macho yangu yalikwenda kwa dereva. Alikuwa anasali, midomo inacheza. Nilimtazama kwa muda labda wa kumeza mate. Na ndani ya kichwa changu kuna sauti ikasema, mtaje huyo, urudi kwa Harriet.

Meja akaona macho yangu.

"Ni yeye?"

Dereva aliinua uso. Alinitazama tu.

Nikasema, "Hapana." Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Hapana Meja, si yeye, si huyu, si huyu, mimi sijui. Nikuonyeshe mchezo wenyewe. Nikufundishe uufanye wewe. Ukiweza wewe, utajua kwamba mimi sina dawa."

Akasema, "Nionyeshe."

Nikamweleza siri yote, mbele ya askari wake. Damu, mishipa, mkono juu, mkono chini. Nikaomba kizibo, kikaletwa. Lakini mikono ya wale watu ilikuwa imefungwa. Nikasema kwamba mchezo hauwezekani mtu akiwa amefungwa, mtu lazima atenganishe mikono. Meja akaashiria. Askari akamkata kamba mpishi.

Mpishi alishika kizibo kama mtu aliyepewa kaa la moto. Meja akageuka. Mpishi akafanya nilivyomwelekeza. Meja akageuka tena, akaangalia zile ngumi, akachagua kulia.

Kizibo kilikuwa kushoto.

Akanigeukia. "Unaona? Kwangu inakataa. Hii kitu ni yako."

Nilikuwa nimejichimbia shimo kwa mikono yangu. Kabla ya hapo alikuwa anadhani nina dawa, sasa alikuwa na ushahidi.

Nikaiangalia mikono ya mpishi nikaelewa. Kamba zilikuwa zimemkaza, viganja vyote viwili vimevimba, mishipa haionekani kabisa. Nikasema, "Meja, mikono imevimba kwa sababu ya kamba. Tafuta mtu ambaye hajafungwa."

"Nani?"

Hakuna askari aliyesogea. Nadhani na wao walikuwa wananiogopa.

Mlango wa nyumba ukafunguliwa, akatoka Madam Rebeka. Amevaa nguo za msiba, nywele nilizomsuka mimi amezifunga kitambaa cheusi. Sikujua kama alikuwa anasikiliza muda wote. Akaja moja kwa moja hadi kwa mumewe, akanyoosha mkono.

"Nipe mimi."

"Ingia ndani," Meja akamwambia.

"Nipe, Baba Joy. Fanya na mimi."

Akampa. Meja akageuka. Madam Rebeka akaweka ngumi kwenye paji la uso, na huku amefumba macho, machozi yakaanza kumtiririka. Aliuacha ule mkono juu muda mrefu kuliko mtu yeyote niliyewahi kucheza naye. Sijui kama alikuwa anausaidia mchezo au alikuwa amemkumbuka shemeji yake. Sikuwahi kumuuliza.

Nilikuwa nasali kimoyomoyo. Mungu, mishipa. Mungu, mishipa tu.

Akashusha. Meja akageuka, akainama karibu kabisa na mikono ya mke wake, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Hii."

Madam akafungua. Kizibo.

"Rudia," mke akasema.

Akarudia. Akapata.

"Rudia tena."

Akapata tena. Mara hii hakungoja afungue ngumi. Alimshika ule mkono akaubakiza ndani ya viganja vyake viwili, akarudi kukaa kwenye kiti huku bado ameushika, na mke amesimama pale mbele yake. Kwa mbali mlio mmoja, halafu mwingine.

Akaniuliza bila kuniangalia, "Kwa hivyo wewe hujui."

"Sijui, Meja."

"Na hakuna mtu anajua."

"Hakuna, Meja."

Akasema neno moja kwa askari, "Kalas." Kwao ni kama kusema basi, imekwisha. Mimi sikujua ni nini kimekwisha. Nilidhani ni sisi. Waliwainua wale watatu, yule dereva wakamburuta. Wakafungiwa stoo. Mimi nikapandishwa kwenye pickup, nikarudishwa Atlabara.

Harriet alinikuta nimekaa kizingitini, siwezi kuingia ndani wala kusimama. Alinivuta kama gunia.

Siku chache baadaye tulipata nafasi kwenye lori la Waganda waliokuwa wanaondoka, tukatoka kupitia Nimule. Saloon tuliiacha na mabati yake. Safari nzima nilikuwa nawaza stoo ile. Nilikuwa na hakika wameshauawa na mimi nimewaongezea mateso ya kusubiri tu.

Nilikaa Kampala kwa Harriet muda mrefu nikiwa siwezi kulala na mlango uliofungwa. Mtu akinipa mkono, namrudishia haraka.

Siku moja simu ikaita, namba ya Juba. Madam Rebeka.

Akaniambia wale watatu walitolewa kesho yake asubuhi. Mpishi bado yuko nao. Mlinzi alirudi kwao. Dereva alichukua familia yake akakimbilia kambini, wako hai.

Halafu akaniambia jambo la Simon. Kuna mama jirani wa ile nyumba aliyofichwa alikuja kutoa pole msiba ulipotulia, akaeleza alichokiona kwa macho yake. Hakuna mtu aliyekwenda kumchukua Simon ndani. Alitoka mwenyewe. Alichoka kukaa gizani, alikuwa na wasiwasi na rafiki zake, akatoka na simu mkononi kutafuta sehemu yenye network. Njiani akakutana na wale wenye bunduki waliokuwa wanauliza watu kabila.

Hakuna aliyemuuza. Hakukuwa na msaliti kabisa.

Madam Rebeka akaniambia, "Mume wangu anasema malesh." Ni kama pole, au samahani, kwao ni neno moja. Nikamwambia, "Nimesikia, Madam." Tukakata simu.

Wakuu, nimeandika haya kwa ajili ya yule mdau wa birthday. Simkatazi. Cheza na watoto, wafurahi. Lakini ukimaliza, waambie siri palepale, waonyeshe mishipa, waache nao wajaribu. Ukimwona hata mmoja anakutazama kama una nguvu fulani, usicheke, na usiondoke kabla hujamtoa hiyo imani. Wakati wa amani ile imani ni sifa. Hali ikibadilika, watakuja nayo mlangoni kwako.

Na kingine, nimejifunza kuyaogopa macho yangu mwenyewe. Yule dereva sikumpenda, na kutompenda kwangu kulikaribia kumuua mtu asiye na kosa lolote. Ingetosha kunyamaza tu pale nilipoulizwa "Ni yeye?"

Karibuni kwa maoni. Kama kuna aliyekuwa Juba miaka ile, naye atueleze alivyotoka. Na wale mtakaosema nyie msingetetemeka, wala macho yenu yasingekwenda kwa mtu yeyote, andikeni pia, nitawasoma. Ila kwanza mtafakari kama mnao mtu mmoja tu mnayemchukia, halafu mjibu.